Vibao Vitano

Kibao cha kwanza kilikuwa ubao wa zizi,
herufi zimepakwa kwa rangi nyekundu iliyosalia ya trekta:
TOLLEFSRUD NA MWANAWE.
Mwana mwenyewe alikuwa na miaka minne.

Einar alikuwa fundi wa mashine za kukamulia maziwa
huku kwetu, kaskazini mwa Wisconsin,
ambako theluji huingia Novemba bila hodi
na kuaga Aprili, shingo upande.
Alitaka helikopta ndogo ya kufundishia,
watu wawili, bega kwa bega,
isiyomwadhibu mwanafunzi papo hapo.
"Kosa lipewe muda wa kujuta," alisema.
Ya kwanza iliruka futi tatu ikalala ubavu.
Ya pili iling'oa paa la banda la kuku.
Ya tatu ilisimama hewani dakika moja na nusu,
na Borghild, mkewe, aliyekuwa akipita na ndoo,
hakusema neno.
Aliiweka ndoo chini.

Mimi niliajiriwa mwaka uliofuata, kusawazisha mapanga.
Marlys, miaka kumi na tisa, vidole visivyotetemeka.

Kibao cha pili kilikuwa cha bati, kimetoka Milwaukee
kwa watengeneza majokofu waliochoshwa na majokofu.
Walinunua hatimiliki, michoro na jina;
Einar wakamwachia kiti karibu na dirisha.
Jeshi liliagiza mia mbili, zote rangi ya chungwa.
Vijana wa Nebraska na Georgia
waliloa jasho humo, juu ya nyasi tupu,
kwa maana kwenda mbele hata upepo hukusukuma;
kusimama pamoja ndiko kunakovunja mkono.

Kibao cha tatu sikuwahi kukisoma vizuri.
Mwenye nacho alikuwa benki,
na benki haijui harufu ya grisi.

Kisha eda.
Miaka saba, helikopta kumi na moja
zimefunikwa maturubai kama wajane,
njiwa wakitaga kwenye viti vya marubani.
Mshahara ulikuwa umekatika. Nilikwenda hata hivyo
kila Jumamosi, na chupa yangu ya kahawa,
kuzungusha mapanga kwa mkono
ili beringi zisilalie upande mmoja.
Mume wangu alisema nimerogwa.
Sikubisha.

Cha nne alikitundika Leif, yule mwana,
sasa ana kipara na mkopo.
Aliuza ng'ombe wote, hata yule mwenye jina.
Tulitengeneza tisa, mbili zikaenda Brazili,
halafu bima ikapanda bei kuliko helikopta yenyewe.
Leif alizima taa za karakana moja moja,
akaiacha ya mwisho, juu ya meza yangu.
Hiyo niliizima mimi.

Kibao cha tano hakipo hapa. Kiko Tulsa.
Yalikuja malori manne, na mwanamume mwenye orodha.
Alihesabu michoro elfu nne na kumi na miwili,
akatia sahihi, akauliza kama kuna kingine.
Nilikuwa na ufagio mkononi.
Nilisema hakuna.

Machi hii simu ililia wakati wa chakula cha mchana.
Mhandisi, sauti ya kijana:
"Mama, inatetemeka. Tumefuata kila mchoro."
Nilimwomba aisogeze simu karibu na injini.
Nikaisikia, baada ya miaka yote hiyo,
ikilia kama ndama aliyetengwa na mamaye.

"Nati ya nne, kwenye kitovu," nilisema.
"Ikaze mpaka mwisho, kisha irudishe robo mzunguko.
Usipime kwa chombo. Sikiliza."

Akanyamaza.
"Hilo limeandikwa wapi?"

Nilitazama nje. Ule ubao wa kwanza
ndio mlango wa banda langu la kuku;
mvua imekula jina, imebakiza NA MWANAWE.

"Tafuta kalamu," nilimwambia.
"Nangoja."